Kidani cha bibi kinapopanda jukwaani

Mwalimu mmoja wa Kiswahili huko Tanga ameniandikia barua ndefu. Yeye na wanafunzi wa chama cha maigizo wametunga tamthilia ya muziki: bibi anauza kidani chake cha dhahabu ili mjukuu wake wa kike akasomee uuguzi. Katikati ya mchezo kuna wimbo wa beti nne wa kukisifu hicho kidani, jinsi kinavyong'aa, sonara aliyekifua, harusi kilikovaliwa. Wimbo anauimba msichana wa kidato cha tatu mwenye sauti nzito ajabu. Siku ya wazazi ukumbi ulitulia vizuri mpaka wimbo huo ulipoanza. Hapo watu wakaanza kunong'ona na kutazama simu. Mwalimu anauliza mambo mawili. Anasikia tamthilia za muziki za Marekani na Uingereza zimejaa nyimbo za nguo, vito, nywele na viungo vya mwili, na watu wanazipenda: je, wenzetu wanafanyaje? Na je, viungo vya mwili vinatajika mbele ya wazazi bila kuvunja heshima?

Mwalimu wangu, pole kwa siku ile, na hongera. Kuwasimamisha wanafunzi jukwaani waimbe maneno waliyoyatunga wenyewe ni kazi kubwa, najua unaifanya jioni baada ya vipindi. Wimbo wako nimeusoma mara kadhaa na kuuimba kwa sauti. Vina vimekaa, mizani haipungui. Kasoro yake haiko kwenye ushairi. Wimbo unapoanza kidani kiko shingoni kwa bibi, na unapokwisha kiko palepale. Kwa dakika nne hakuna kilichotendeka. Anayesoma kitabu anahitaji umweleze kidani kilivyo kwa sababu hakioni. Mtazamaji ameshakiona tangu bibi alipoingia, kwa hiyo unamsimulia kitu kilicho mbele ya macho yake.

Nyimbo za namna hii zilizodumu zina jambo moja zinalofanana: vazi au kiungo kinapatwa na kitu wimbo ukiwa unaendelea. Kinavaliwa, kinavuliwa, kinaoshwa, kinarudishwa, kinachanwa. Ukiniuliza wimbo wa koti ni mzuri au mbaya, nitakuuliza kwanza koti lilikuwa wapi kabla ya ubeti wa kwanza, na liko wapi baada ya ubeti wa mwisho.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1949. Aprili mwaka huo ilifunguliwa New York tamthilia ya South Pacific, muziki wa Richard Rodgers na maneno ya Oscar Hammerstein. Mhusika mmoja ni Nellie, muuguzi katika jeshi la majini la Marekani, yuko kisiwani Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Amempenda Mfaransa mwenye shamba kubwa, mtu aliyemzidi umri, halafu wasiwasi ukamwingia, akaamua kumwacha. Mtunzi mwingine angemwandikia wimbo wa kukata shauri: sikutaki tena, nenda zako. Hawa wakamletea maji na sabuni. Nellie anaimba kwamba atamwosha yule mwanamume atoke kabisa nyweleni mwake, na nywele anaziosha kweli, povu limejaa kichwani, watu wanaona. Wazo hilo lilitoka kwa Mary Martin mwenyewe, mwigizaji aliyecheza nafasi hiyo. Alikata nywele zake zikawa fupi, akaziosha jukwaani maonyesho manane kila wiki.

Mtu akisema "nimemwacha" unaweza kumwamini au usimwamini. Huyu amemfanya mpenzi wake kuwa uchafu wa kuoshwa, na uchafu unaoshwa ukiuona. Utamu unazidi pale mwanamume anapotokea muda huohuo. Wanazungumza kidogo tu, na Nellie anaishia kuimba tena jinsi anavyompenda, nywele hata hazijakauka. Ukumbi unacheka kwa sababu umeshuhudia juhudi yote ya kumwosha ikipotea bure. Bila yale maji pasingekuwa na cha kuchekea.

Tamthilia hiyo ilipokuwa ikijaribiwa katika mji wa New Haven, kabla ya kufika New York, wimbo huo haukupigiwa makofi kama walivyotarajia. Mary Martin alikuwa akianza kuosha mapema, na watazamaji wakawa wanaulizana kama ni sabuni kweli na kama ni nywele zake mwenyewe. Maneno yakawapita. Wakabadilisha mpangilio: aimbe kwanza, watu wayashike maneno, ndipo aoshe. Toka hapo ukawa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa zaidi katika tamthilia nzima. Naomba uliweke hili akilini, kwa maana nitalirudia tukifika kwa bibi yako: sikio kwanza, jicho baadaye. Vikija pamoja, jicho linashinda.

Desemba mwaka huohuo wa 1949, New York tena, Carol Channing aliimba kuhusu almasi katika Gentlemen Prefer Blondes, muziki wa Jule Styne, maneno ya Leo Robin. Huu ndio wimbo ambao wengi wanaujua kwa Marilyn Monroe, aliyeuimba kwenye filamu ya 1953. Ukiusikia juujuu utadhani ni wa kusifu vito, kama wako. Usikilize tena. Hoja yake ni kwamba mwili unachakaa. Wanaume wanapoa mapenzi kadiri msichana anavyozeeka, uzuri unaondoka, mgongo unapinda, lakini jiwe halibadiliki umbo. Kila almasi inapotajwa, kinachopimwa nayo ni ngozi ya binadamu. Kwa hiyo ni wimbo wa hofu ya uzee uliovaa vito, na mwimbaji wake ni msichana aliyetoka mji wa Little Rock, jimboni Arkansas, hana mali ya urithi, anajihesabia miaka. Kwa bahati, hata Nellie wa South Pacific anatoka Little Rock hiyohiyo.

Kwenye barua yako hukuniambia kidani cha bibi kinapimwa na nini. Harusi peke yake haitoshi. Kipime na shingo yake: alipokivaa mara ya kwanza shingo ilikuwaje, leo ikoje? Dhahabu ni ileile, shingo siyo.

Guys and Dolls, ya Frank Loesser, ilifuata Novemba 1950, na humo mna somo la kuvua. Adelaide ni mwimbaji wa klabu ya usiku. Jukwaani pale klabuni yeye na wenzake wanaimba wimbo wa msichana anayemrudishia mwanamume zawadi zake zote: koti la manyoya, lulu, gauni, kofia. Ubeti wa mwanzo unahesabu kwa utulivu zawadi gani ilikuja lini, mwaka kwa mwaka, mpaka usiku wa jana ambapo mwanamume huyo nyumbani kwake alitaka kumvua zote. Msichana amekasirika, heshima yake imeguswa, kwa hiyo anazivua mwenyewe moja moja na kuzirudisha, hapohapo mbele ya wateja wa klabu. Maneno yanadai staha wakati mikono inatenda kinyume chake. Ukisoma maneno peke yake unapata nusu ya wimbo, nusu nyingine iko kwenye maleba.

Adelaide huyohuyo ana wimbo mwingine unaojibu swali lako la pili. Amechumbiwa miaka kumi na minne na harusi haifungwi. Anasoma kitabu cha utabibu kinachoeleza kwamba mwanamke aliyesubirishwa ndoa muda mrefu anaweza kuugua mafua, na huku anasoma, pua inamziba na anapiga chafya. Kiungo cha mwili kinachotajwa pale ni pua na koo, basi. Hakuna mzazi atakayeinama kwa aibu, na bado wimbo wote ni wa mwili: mwili unaosema kilio ambacho mdomo umekificha miaka kumi na minne.

Swali la heshima mimi nalitazama hivi. Ukitaja kiungo ili kitamaniwe, umeingia njia nyembamba, na mbele ya wazazi na wanafunzi sikushauri uipite. Ukitaja kiungo kwa kazi yake au kwa maumivu yake, njia ni pana. Goti lililochubuka kwa kupiga deki, kiganja chenye sugu ya mchi, kisigino kilichopasuka, jicho linaloshinda njiani likimngoja mtu. Watu wa pwani tunajua kulisifu jicho na shingo na mwendo bila kumtia mtu haya, na huo ni utajiri ulio tayari mkononi mwako.

Wamarekani wenyewe walikutana na tatizo hili katika A Chorus Line ya mwaka 1975, muziki wa Marvin Hamlisch na maneno ya Edward Kleban. Mcheza dansi mmoja, Val, anasimulia alivyokuwa akikosa kazi ingawa anacheza vizuri, akaenda kwa daktari kurekebishiwa kifua na makalio, na milango ikafunguka. Kwenye majaribio wimbo haukuchekesha. Waliochunguza wakagundua kwamba kosa lilikuwa kwenye karatasi ya programu: jina la wimbo lilivitaja viungo hivyo waziwazi, na watazamaji walikuwa wameshalisoma kabla ya taa kuzimwa. Wakaubatiza upya kwa alama alizopewa Val kwenye usaili, kumi za dansi na tatu za sura. Maneno ya wimbo hayakuguswa. Vicheko vikaja.

Sasa nilipofungua karatasi yako ya programu nikaona, namba sita: "Kidani cha Bibi". Umeshawaambia kila kitu wakiwa bado wanatafuta viti.

Niendelee na kanzu, maana hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 1 Machi 1968, katika shule ya Colet Court jijini London, wanafunzi waliimba kazi fupi ya kama robo saa iliyotungwa na vijana wawili, Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, juu ya Yusufu na kanzu yake ya rangi nyingi. Ilikuwa onyesho la shule tu, kama lako, liliagizwa na mwalimu wa muziki. Baadaye ikakua ikawa tamthilia kamili inayochezwa duniani kote. Kuna mahali kanzu inaelezwa kwa kutaja rangi zake mfululizo, zaidi ya ishirini, kwa kasi, na watoto wanapenda kuzikariri kama wimbo wa kuruka kamba. Hapo huwezi kusema kuna kitendo. Ni orodha. Lakini orodha inasimama kwa sababu nyuma ya mwimbaji wapo ndugu wanaotazama, na kila rangi inayoongezwa inawachoma zaidi. Kinachobadilika wakati wa wimbo ni nyuso zao.

Na wewe unakijua kisa hiki kuliko watunzi wale. Katika Sura ya Yusuf kanzu inafanya kazi mara tatu. Mara ya kwanza inaletwa kwa baba ikiwa na damu ya uongo. Mara ya pili inararuliwa, na swali la nani mwongo linaamuliwa kwa kutazama tu imeraruka mbele au nyuma. Mara ya tatu inawekwa usoni pa mzee aliyepofuka kwa huzuni, naye anaona tena. Vazi moja likadanganya, likatoa ushahidi, likaponya. Sijapata kuona mpangilio bora kuliko huo kwa mtu anayetaka kuweka nguo jukwaani. Wakalishe wanafunzi wako chini wakuhesabie: kidani chenu kinafanya kazi mara ngapi? Kwa sasa kinafanya mara moja, kinapouzwa, tena tendo hilo mmeliweka nje ya jukwaa na tunalisikia kwa jirani.

Tamthilia ya Hair, yaani Nywele, nayo ilitumia subira: sifa kwanza, tendo mwishoni. Ilianza Oktoba 1967 katika ukumbi wa Public Theater, New York, ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za mji huohuo, Aprili 1968, muziki wa Galt MacDermot, maneno ya Gerome Ragni na James Rado. Wimbo wenye jina la tamthilia ni sifa tupu za nywele: ndefu, zilizosokotana, za kufika mabegani, za kila aina. Peke yake ungeweza kuuita kelele za vijana. Lakini hiyo ni miaka ya vita vya Vietnam, vijana wanaitwa jeshini, na jambo la kwanza jeshi linalokufanyia ni kukunyoa. Kila mtu ukumbini wakati ule alilijua hilo. Mwishoni Claude, kijana aliyeimba zile sifa, anaingia amevaa sare, nywele zimekatwa. Hahitaji kuimba juu ya wembe. Wimbo wa mwanzo ulikuwa ukimngojea afike hapo, na sifa zote zile zinageuka kuwa orodha ya vilivyopotea.

Basi hata sifa tupu zinaruhusiwa, mradi mbele kuna wembe.

Yapo mavazi yanayoimbwa yakiwa hayapo kabisa. Irene, tamthilia ya mwaka 1919, ina wimbo wa msichana wa dukani anayekumbuka gauni lake la kwanza zuri, la rangi ya samawati iliyopewa jina la Alice, binti wa Rais Theodore Roosevelt. Alilivaa mpaka likachakaa likaisha. Jukwaani hakuna gauni, kuna mtu aliyesimama na nguo zake za kawaida, na sisi tunalishona lile jingine kichwani. Jambo hili linafaa sana kwa vikundi visivyo na fedha za maleba. Nalo linaondoa tatizo la ukubwa. Miaka ya nyuma nilisimamia mchezo ambao kila kitu kilitegemea pete, na tuliinunua pete nzuri kabisa. Kuanzia safu ya tano hakuna aliyeiona. Usiku wa pili tukamwambia mwigizaji aivue nyuma ya mapazia, na kwenye onyesho awe anakisugua kidole kitupu. Safu ya mwisho wakaelewa.

Tuje sasa kwa bibi.

Kwanza, uhamishe wimbo. Usiwe tena barazani nyumbani, uwe dukani kwa sonara. Anaingia na kidani shingoni, anatoka bila. Tendo mlilolificha nje ya jukwaa lirudi ndani, ndilo wimbo wenyewe.

Pili, futa neno "kidani" katika beti tatu za mwanzo. Lugha yetu inakupa zawadi ambayo watunzi wa New York hawakuwa nayo. Ukisema "kilikuwa cha mama yangu, nilikivaa nikiwa na miaka kumi na saba, kimelala nami, kimezaa nami", ile "ki" inabeba kitu kizima bila kukitaja jina. Msikilizaji anajua kuna kitu cha ngeli hiyo, hajui ni kipi. Huenda akadhani ni kikuku, ni kipini, ni kitambaa. Bibi awe amejitanda ushungi mpaka kidevuni na mkono wake umetulia pale kooni, juu ya kanga. Watu watasikiliza kwa sababu wanatafuta. Hiyo ndiyo New Haven niliyokuambia: wayashike maneno kwanza. Jina la wimbo kwenye programu libadilishe. Uite "Mezani kwa Sonara", au "Nipimie", chochote kisichokitaja.

Tatu, kati ya ubeti wa tatu na wa nne, muziki unyamaze. Bibi ashushe ushungi, afungue kifungo cha kidani kwa mikono miwili nyuma ya shingo. Asiharakishe. Wanawake wote ukumbini wanakijua kitendo hicho, wamewahi kuhangaika na kifungo kisichotaka kufunguka, na hapo utawapata. Mfundishe msichana wako akifanye hata mara ishirini, mpaka vidole vijue vyenyewe. Mjukuu asimsaidie, asimame mlangoni, aone.

Kanga atakayojitanda ichagueni kwa uangalifu, kwa kuwa jina lake litasomwa na akina mama wa safu ya mbele kabla hajafumbua kinywa. Kama kanga inasema jambo la mzazi na mwana, wimbo usilirudie. Wimbo useme jambo lingine. Mkivaa jina linalobishana na maneno yake itakuwa vizuri zaidi.

Ubeti wa nne sasa ndio uwe wa kiungo cha mwili, na hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapokaa. Aimbe juu ya shingo. Shingo iliyobeba ndoo, ikabeba kuni, ikainamia watoto wagonjwa, na sasa imebaki nyepesi isivyozoea. Usimfanye alie. Mwache ashangae wepesi huo, aiguse shingo kama mtu anayepapasa jino lililong'olewa. Ile sauti nzito ya msichana wako ishuke chini kabisa katika mstari wa mwisho, bila ngoma, hata kama kikundi kizima kinapenda ngoma iendelee.

Beti zako za kusifu mng'ao wa dhahabu usizitupe. Mpe sonara aziimbe. Yeye ndiye mwenye sababu ya kuzungumzia mng'ao, uzito na fundi aliyekifua, maana anatafuta bei. Maneno yaleyale yaliyowachosha watu yakitoka kinywani mwa bibi, yatawauma yakitoka kwa mtu anayehesabu.

Na umtafutie mzani wa kweli, ule wa sahani mbili, kama kuna mzee mwenye nao pale mjini atakayekubali kuwaazima. Usiweke wa karatasi. Wakati bibi anakiweka kidani, hakuna anayeimba, hakuna anayepiga kinanda, nataka mtu wa safu ya mwisho asikie mnyororo ukigusa sahani.